Ndom imegeuka njano kwa keja? Hiyo ndio shida yako ndogo

Tuseme uko Malaba, bedsita ya ghorofa ya pili, trela zimepanga foleni huko nje mpaka huoni mwisho. Kwa kona ya keja kuna mkebe wa rangi, ndani yake mmea wa ndom. Miezi miwili imeisha, mmea uko futi moja tu, na majani yameanza kuwa njano. Usiku unacheki video za wazungu wakieleza dawa. Msee, wacha tuongee.

Kwanza tujibu swali lenyewe, juu halina siri. Ni lile lile mathe hujiuliza kwa sukuma. Majani ya chini yakianza kuwa njano na ya juu yako kijani, mara nyingi mmea umekosa naitrojeni, kwa hivyo unaitoa kwa majani mazee unapeleka kwa machanga. Majani mapya ya juu yakiwa njano na mishipa imebaki kijani, chuma haifiki huko, na kawaida ni juu asidi ya udongo haiko sawa. Mmea ukilegea na udongo bado uko na maji, umemwagilia sana na mizizi imekosa hewa. Na ukiwa mwembamba, mrefu, hauongezi majani, ni mwanga umekosa. Dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani haliwezi kuwa jua.

Sasa cheki. Ile video imetengenezwa mahali ambapo udongo unanunuliwa dukani ukiwa tayari, na taa ni ya kazi hiyo. Wewe umechota udongo wa shamba la Teso, na sehemu nyingi za magharibi udongo uko na asidi, ndio maana wakulima huambiwa waweke chokaa. Kwa hivyo ushauri wa video unaweza kukuangusha hata kwa mmea wenyewe.

Lakini kuna kitu kikubwa zaidi video haikuambii: sheria yake si yako. Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anaruhusiwa mimea mitatu nyumbani. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilisema 2018 kwamba mtu mzima anaweza kulima kidogo kwake kwa matumizi yake. Hao wasee wanaulizana kuhusu majani ya njano bila stress. Wewe uko Kenya.

Na hapa ndipo vijana wengi huchanganya mambo. Mwaka wa 2022 sheria yetu ya mihadarati ilibadilishwa. Ukipatikana na bangi na ushawishi korti kwamba ni yako tu ya kutumia, adhabu imewekwa isizidi miaka 5 au faini ya laki moja. Wasee wakasikia hivyo wakasema, basi nikijipandia yangu, niko freshi. Hapana. Kulima ni kosa lingine, liko kwa kifungu cha 6 cha sheria ya 1994. Huko ni faini ya 250,000 au mara tatu ya bei ya huo mmea sokoni, ile iliyo kubwa, au jela hadi miaka 20, au zote mbili. Kifungu hicho hakisemi ati mmea ukiwa mmoja, au ukiwa njano, unasamehewa. Yaani msee wa roli moja kwa mfuko na msee wa mkebe mmoja kwa keja hawako kwa mstari mmoja. Wa mkebe ndiye ako mbaya zaidi.

Tena hauko peke yako. Kifungu hicho kinagusa pia mwenye nyumba au anayeishi hapo akikubali mahali patumike kulima. Kama mnashare keja na ndugu yako, na anajua, umemuingiza kwa hiyo stori. Mwenye ploti pia.

Utasema, si navuka tu Uganda? Pole. Ni kweli huko Kasese kampuni yenye leseni imelima bangi ya dawa ya kuuza ng'ambo. Ni kweli pia Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta sheria yao ya mihadarati, juu bunge liliipitisha bila idadi ya wabunge kutimia. Lakini Agosti mwaka huo huo bunge likapitisha ingine, na rais akaisaini. Leseni ni ya watu wa mtaji mkubwa, si ya kijana wa boda wa Sofia. Na ukibeba kupitia panya route kurudi huku, hiyo si kulima tena, ni kusafirisha. Ikizidi gramu 100, sheria yetu inataja miaka 50.

Kama unaona hii sheria ni kali sana, hauko pekee. Marehemu Ken Okoth aliandaa mswada wa kuibadilisha 2018. Marasta walienda korti 2021. Wajackoyah aliibeba kwa kampeni ya 2022, watu wakacheka na kuimba, kisha akapata kura kama 62,000 nchi nzima. Kelele za mkutano hazikufika kwa debe. Sheria hubadilishwa na kura na korti. Mkebe wa rangi hauwezi.

Ukishikwa, kumbuka Katiba, kifungu cha 49: una haki ya kunyamaza, ya kuongea na wakili, na ya kupelekwa kortini ndani ya masaa 24, au siku ya korti inayofuata. Usisaini kitu hujasoma.

Lakini bora usifike huko. Huo mkebe, panda sukuma. Ikigeuka njano, dawa unaijua sasa, na hakuna karao atakuuliza kitu.