Usipake Dawa Juu ya Tope

Ndugu msomaji, mwenye gari katika mji wa Sumbawanga hana haja ya kuambiwa tope ni nini. Uwanda wa juu wa Ufipa hupata mvua zake kuanzia Novemba hadi Aprili. Barabara kuu itokayo Tunduma ilitiwa lami kwa msaada wa Marekani, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Lakini ukiiacha lami hiyo na kuingia njia za vijijini, wakutana na udongo unatao. Gari lirudipo nyumbani, bodi huoshwa likang'aa. Ile nafasi iliyo juu ya gurudumu, chini ya madigadi, ambayo hapa tutaiita uvungu wa gurudumu, husahauliwa, au hupakwa kitu cheusi juu ya tope ilimradi ipendeze machoni. Juma hili tuutazame uvungu huo, kwa kuwa kiozacho humo ni akiba ya familia nzima, na kiharibikacho humo kwa kupakwa vibaya chaweza kuwa breki.

Wazee wa Ufipa walikijua chuma muda mrefu kabla ya magari kufika. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru refu la udongo liitwalo ilungu, lililompita mtu kwa kimo, kisha wakakisafisha katika tanuru dogo kabla ya kufua majembe. Na kila mkulima ajua kwamba jembe lililowekwa na udongo mbichi huota kutu upesi kuliko lililofutwa. Kutu huhitaji chuma, maji na hewa. Tope lililoganda katika kona za uvungu huushika unyevu siku kadhaa baada ya mvua kukatika, likaendelea kukila chuma wakati mwenye gari amelala. Ukipaka dawa juu ya tope hilo, umelifunika tu; hukumfukuza adui, bali umemjengea nyumba.

Kabla ya kununua chochote, tazama uvungu wa gari lako umetengenezwa kwa kitu gani. Magari mengi madogo yana kava la plastiki ndani ya uvungu. Katika pikapu nyingi na malori, chuma ki wazi au kimepakwa rangi tu. Plastiki haioti kutu; huhitaji kusafishwa na kulindwa isipauke. Chuma huhitaji kinga ya kweli. Dawa ya kwanza si badala ya ya pili, hata kama zote zauzwa katika duka moja na zote ni nyeusi baada ya kupakwa.

Kwa plastiki, dawa za kung'arisha ni za namna mbili. Iko ile nyeupe kama maziwa, ambayo msingi wake ni maji. Hiyo hukauka, huacha weusi wa kiasi, na haivuti vumbi sana. Iko na ile angavu yenye mafuta, iliyochanganywa na kiyeyushi cha jamii ya petroli. Hiyo hung'aa zaidi siku ya kwanza, lakini hubaki ikinata. Wakati wa kiangazi cha Ufipa, vumbi hugandamana nayo likawa kama uji mwekundu. Viyeyushi vingine hukausha mpira, tena vyashika moto upesi. Kwa matumizi ya kawaida, ile ya maji yatosha.

Kwa chuma, chagua kati ya kinga ya nta na rangi nzito ya lami au mpira. Nta hubaki laini na hupenya katika viungo vya mabati, ila hupungua kwa kuoshwa na haina budi kurudiwa. Rangi ya lami hustahimili changarawe zirushwazo na gurudumu; lakini ikizeeka hupasuka, maji yakaingia nyuma yake, na kutu ikaendelea bila kuonekana. Kwa hiyo mwenye kuitumia aikague na kuziba nyufa mapema.

Wengi wetu, kwa kubana matumizi, hupaka oili chafu iliyomwagwa gereji. Ni kweli mafuta huzuia maji kugusa chuma kwa muda. Lakini oili hiyo hulainisha na kuvimbisha bushi za mpira, hukusanya vumbi, na ikidondokea diski au pedi, breki hupoteza nguvu. Fikiri maana yake kwa dereva ateremkaye Lyamba lya Mfipa, kutoka Ntendo kwenda Muze. Sumbawanga iko katika kimo cha mita 1,800 hivi, na Ziwa Rukwa liko katika mita 800 hivi. Juu ya hayo, mito ya upande ule huingia katika ziwa hilo lisilo na njia ya kutokea. Tumwagacho mjini huko ndiko kiendako na ndiko kibakiako.

Kazi yenyewe yataka subira. Simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua kwa jeki, kisha weka egemeo imara chini ya fremu. Usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toa gurudumu. Lowesha tope, lisugue kwa brashi na maji ya sabuni kuanzia juu kwenda chini, na zibua vitundu vya kutolea maji. Acha pakauke kabisa. Katika baridi ya Juni na Julai, toa siku nzima.

Penye kutu, kwangua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane, paka rangi ya kuzuia kutu, na ikikauka ndipo upake kinga. Kwanza funika diski, pedi, mipira ya breki na shokomzoba kwa mfuko wa plastiki na magazeti. Paka matabaka mawili membamba badala ya moja zito. Kwa kava la plastiki, mimina dawa kidogo katika kitambaa, paka, kisha futa inayozidi. Usiiguse sehemu ya tairi ikanyagayo barabara. Baada ya kurudisha gurudumu na kukaza nati, endesha polepole ukijaribu breki kabla hujapakia watoto.

Fanya hivi mara mbili kwa mwaka: Oktoba kabla ya mvua, na Mei baada ya mvua. Kati ya hapo, kila urudipo kutoka tope zito, maji na brashi vyatosha. Kama gari lako huoshwa na vijana wa mtaani, waambie waanzie uvunguni na wamalizie bodi, nawe uwalipe kwa kazi hiyo ya ziada. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika gari, ukuta huo ni bati jipya, fundi wa kuchomelea, na mshahara wa mwezi uliokuwa na kazi nyingine nyumbani.

Hadi Jumapili ijayo, kwa heri.