Presha ya bibi wa Chang'ombe haisubiri bwawa

Asubuhi kwenye bomba la mtaani Chang'ombe, jijini Dodoma, mama wa miaka 60 na ushee huinama taratibu, hushika mpini wa dumu la lita 20, kisha husita. Magoti hayataki. Mjukuu huja kumtwika. Mama huyo akienda kliniki ya presha, pamoja na vidonge hupewa agizo: fanya mazoezi. Mazoezi gani?

Kwetu jibu limekuwa mchakamchaka. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Ni jambo jema, na vikundi vya kukimbia vimeenea mijini. Lakini mwenye magoti mabovu hubaki barazani akiwatazama wenzake wakipita. Ugonjwa wake ndio uliotajwa kwenye kampeni, ila mwili wake haukufikiriwa.

Kwingineko wazee kama yeye huingizwa majini. Maji yakifika kifuani hubeba zaidi ya nusu ya uzito wa mwili, hivyo goti hupumzika huku misuli ikifanya kazi. Mgandamizo wa maji hayo husukuma damu kutoka miguuni hadi kifuani. Moyo ukihisi umejaa, mwili hupunguza homoni zinazobana mishipa, na figo hutoa chumvi na maji zaidi. Nchini Brazil, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia watu 32 wenye presha sugu. Waliofanya mazoezi kwenye maji ya uvuguvugu mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, wastani wa presha yao ya saa 24 ulishuka kutoka 137/81 hadi 120/72. Utafiti ni mdogo, lakini mafanikio hayo si haba.

Je, Dodoma ijenge mabwawa ya wazee? Bwawa dogo la mita 10 kwa 5, lenye kina cha mita 1.2, hunywa lita 60,000, yaani madumu 3,000. Jiji hili hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, na kwa miaka mingi limetegemea visima vya Makutupora. Kumwambia anayenunua maji kwa ndoo kwamba dawa yake iko bwawani ni kumkejeli. Tuanze na bomba lake. Hata hivyo, mabwawa ya hoteli yaliyopo tayari yana maji, na saa mbili kwa wiki kwa akina mama watu wazima peke yao, wakiwa na mavazi ya staha na msimamizi, hazitamfilisi mwenye hoteli.

Wengi, lakini, hawatafika huko. Kwao funzo la maji ni hili: tafuta zoezi linaloacha goti salama. Mwaka 2023 uchambuzi wa majaribio 270 ulionyesha kuwa mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea hushusha presha ya juu kwa takriban pointi 8. Mojawapo hufanywa kwa kukaa kwenye kiti na kubana kifaa cha mkononi kwa nguvu ya kiasi, dakika mbili, kisha kupumzika. Mara nne, siku tatu kwa wiki. Pumzi isizuiwe, vidonge visiachwe, na mwenye vipimo vya 180/110 amwone daktari kwanza.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Basi Jumamosi ya mazoezi nayo imtambue: kivulini pa zahanati pawekwe viti, mashine ya kupimia presha na mhudumu wa kuelekeza. Viongozi wa kata, hilo halihitaji hata tone la maji ya bwawa. Lianzeni Jumamosi ijayo.