Neno "Umma" na Ghala la Cape Town

Limezuka neno katika vinywa vya wajenzi wa siku hizi, nalo hutumiwa bila hesabu: kila jengo kuukuu la bandarini likitengenezwa na kufunguliwa milango huitwa "mahali pa umma". Mimi nasema neno hilo linadhulumiwa, na ushahidi wangu ni ghala la nafaka la Cape Town.

Ghala hilo lilikamilika mwaka 1924, nalo kimo chake ni mita 57. Mahindi ya bara yaliletwa kwa reli, yakawekwa humo, kisha yakapakiwa melini kwenda ng'ambo. Kazi hiyo ilikoma mwaka 2001. Baadaye Mwingereza Thomas Heatherwick aliyakata mapipa yake ya saruji, yapatayo 42, akapata ukumbi wenye umbo la punje ya hindi, na Septemba 2017 likafunguliwa kuwa jumba la sanaa ya Afrika ya leo. Ustadi huo sina ugomvi nao. Jengo kuishi ni bora kuliko kubomolewa.

Ugomvi wangu u katika mambo mawili. Kwanza, juu ya jumba pamewekwa hoteli ya matajiri, na chini aingiaye hutozwa kiingilio. Watetezi watajibu kwamba tangu kufunguliwa watoto waliingia bure, na raia wa nchi za Afrika wakapewa muda wa saa tatu kila Jumatano, kuanzia asubuhi. Kwa watoto ni haki. Lakini mchukuzi wa mizigo, je, Jumatano asubuhi hayuko kazini? Mlango ufunguliwao wakati mtu hawezi kuja una tofauti gani na uliofungwa?

Pili, ni jina. Jumba limepewa jina la Jochen Zeitz, Mjerumani aliyeweka humo hazina yake ya sanaa. Na eneo zima la ufukweni laitwa kwa majina ya Malkia Victoria na mwanawe Alfred. Wachukuzi je? Desemba 1919 waligoma katika bandari hiyo, wakiongozwa na Clements Kadalie, mzaliwa wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Walidai mishahara, wakapinga pia chakula kupelekwa ng'ambo hali bei mjini zinapanda. Miaka mitano baadaye likasimama ghala la kukitoa chakula hicho. Kulisifu ghala na kuwanyamazia watu hao ni kusimulia nusu ya habari.

Nitaulizwa ni wapi palipofanywa vizuri zaidi. Nawaelekeza Unguja. Bandari ilipohamia Malindi, mabanda ya forodha yaliondolewa, na mwaka 1936 pakafanywa bustani ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Seyyid Khalifa bin Harub. Serikali iliita Bustani ya Jubilei. Watu wakaita Forodhani, na jina lao ndilo lililodumu, hata baada ya ukarabati uliokamilika 2009. Jioni mtu huketi ukingoni asinunue kitu, na vijana hujitosa baharini. Nakubali kwamba mabanda yalipotea, na hiyo ni hasara. Lakini kazi ya mahali imebaki ulimini mwa wenyeji. Cape Town kuta zimebaki, kazi imetoweka.

Basi na ufunguliwe ukumbi wa chini pasipo malipo, na habari ya mgomo iandikwe mlangoni. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuliandika neno "umma", ulizeni kwanza: asiye na fedha ataketi wapi?