Kabla ya Kumwita Mtundu: Dalili za Upungufu wa Umakini Kisii na Nyamira

Mwalimu wa Kiswahili katika shule za Kisii na Nyamira ana fursa ambayo wenzake wa masomo mengine aghalabu hawaipati: yeye husoma insha. Insha humfichua mwandishi wake. Yupo mwanafunzi ambaye akiulizwa swali kwa mdomo hulijibu kabla halijakamilika, na jibu lenyewe likawa sahihi. Lakini akikabidhiwa karatasi, sentensi ya tatu hukatika katikati, maneno hudondoka, kisa hurukia kisa kingine, na hitimisho halionekani. Mwalimu huandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kuwa makini!" Agizo hilo limejaa katika madaftari, na ni nadra mwenye kuliandika kujiuliza iwapo mwanafunzi ana uwezo wa kulitii.

Hali inayozungumziwa hapa hufahamika zaidi kwa kifupisho cha Kiingereza, ADHD. Wapo wanaodai kuwa ni ugonjwa wa Wazungu uliozuliwa juzi. Dai hilo halina mashiko. Daktari George Still aliwaeleza watoto wa namna hiyo katika mihadhara yake jijini London mwaka 1902, na tafiti za Kilifi katika Pwani ya Kenya zimeshughulikia matatizo kama haya miongoni mwa watoto wa vijijini. Kwa makadirio ya kimataifa, hali hii huwapata takriban watoto 5 katika kila 100. Katika darasa la wanafunzi 60, ambalo si jambo geni tangu elimu ya msingi bila malipo ianze mwaka 2003, yamkini wapo watatu.

Tatizo la kwanza ni la msamiati, na ndiyo sababu linawahusu wanaisimu kabla ya madaktari. Kiswahili kina maneno tele ya kumtaja mtoto huyu: mtundu, mtukutu, mtepetevu, mvivu, asiyesikia la mkuu. Kila neno katika orodha hiyo ni hukumu. Hakuna hata moja linaloacha mlango wazi kwa uwezekano kwamba mtoto anataka kutulia ila hawezi. Hata istilahi zinazotumia "utundu uliokithiri" hubeba lawama ile ile ndani ya vazi la kitaalamu. "Upungufu wa umakini" ni afadhali, ingawa nayo haisemi kitu kuhusu kutotulia. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kingefaa kulijadili suala hili kwa uzito kinaojadilia istilahi za tarakilishi.

Katika Ugusii neno hukutana na utamaduni. Mwanaanthropolojia Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti wa muda mrefu miongoni mwa Wagusii na kuchapisha matokeo katika kitabu cha mwaka 1994, walionyesha kuwa mama wa Kigusii alithamini mno utulivu wa mtoto mchanga, na baadaye utiifu wake, tofauti na mama wa Boston aliyependa mtoto mchangamfu na msemaji. Juu ya hayo ipo chinsoni, ile kanuni ya heshima na haya baina ya wazazi na wana. Malezi hayo yana hekima yake, na si haki kuyabeza. Lakini mtoto anayedakiza maneno ya wazee au kuinuka katikati ya chakula huonekana amevunja heshima ya ukoo mzima, wala hatazamwi kama mwenye shida. Penye hofu ya uchawi, ambayo eneo hili limeionja kwa uchungu, hatua inayofuata huwa ni kumtafuta aliyemloga.

Mtoto mtulivu naye hupotea upande wa pili. Msichana anayekaa dirishani akiyatazama majani chai ya mlimani, asiyemsumbua mtu, anayepoteza kalamu tatu kwa wiki na kusahau alichotumwa dukani, huitwa mpole. Huyu pia anaweza kuwa na upungufu wa umakini, tena bila rabsha yoyote. Wasichana wengi hukosa kutambuliwa kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka dalili 6 au zaidi kati ya 9 za kutokuwa makini, au idadi kama hiyo za kutotulia na pupa, zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya umri wa miaka 12, na zinazoonekana mahali zaidi ya pamoja. Sharti la mwisho ndilo mizani. Mtoto anayehangaika katika somo la Hisabati tu huenda anamwogopa mwalimu wa Hisabati. Mwingine hasikii vizuri, mwingine amekuja bila kiamshakinywa, mwingine amefiwa. Nyanda hizi za juu zimewahi kukumbwa na mikurupuko ya malaria, na tafiti zilizofanywa Kampala zimebaini kuwa baadhi ya watoto walioponea malaria ya ubongo hubaki na udhaifu wa umakini. Historia ya mtoto iulizwe kabla ya jina kutolewa.

Na wazazi je? Hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Mzazi anayeitwa shuleni saa tatu akafika saa saba, barua ameisahau nyumbani, pengine hana dharau kwa mwalimu. Kwa watu wazima mbio za mwili hupungua, zikageuka wasiwasi wa ndani. Mtu huanza ujenzi wa nyumba mbili asikamilishe moja. Hubadilisha kazi kila msimu. Hununua kwa pupa asichokihitaji. Huendesha bodaboda kana kwamba kona za Keroka hazipo. Kuanzia umri wa miaka 17 dalili 5 zinatosha, mradi mizizi yake iwe utotoni. Wengi wamezeeka wakiamini kuwa wao ni wazembe.

Methali "mchelea mwana kulia hulia yeye" hutumiwa kuihalalisha bakora, ilhali viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakaza marufuku hiyo. Kumcharaza mtoto wa aina hii ni sawa na kumpiga kiwete ili akimbie.

Mwalimu hahitaji shahada ya tiba kumketisha mwanafunzi mbele, mbali na dirisha. Kumgawia insha katika aya moja moja, kila moja na muda wake. Kumtuma achukue chaki anapoanza kuchezesha miguu. Na kuyaandika anayoyaona kwa tarehe. Daftari hilo la tarehe ndilo litakalomsaidia mzazi atakapofika kwenye Kituo cha Tathmini na Nyenzo za Elimu, vituo vilivyoanzishwa nchini tangu mwaka 1984, au katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ambako daktari atauliza: yalianza lini, na yanaonekana wapi?