Bunduki Kubwa Ni ya Kufunika Kosa

BARAZA LA ELGON
Na Wandera Juma

Wiki iliyopita, kwenye kibanda cha chai karibu na mnara wa saa hapa Mbale, wazee wawili nusura wamwagiane chai kwa ajili ya mtu aliyekufa mwaka 1954. Mtu mwenyewe ni Walter Bell, Mskoti aliyepita chini ya Mlima Elgon mwanzoni mwa karne ya 20 akifuata pembe za ndovu Karamoja, hata Wazungu wenzake wakamwita "Karamojo Bell". Maishani mwake aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo, .275 ya kampuni ya Rigby, ambayo risasi yake ina unene wa milimita 7 na uzito wa gramu 11 hivi.

"Umesikia, mwanangu?" mzee wa kwanza akanigeukia. "Milimita 7! Hawa wageni wa siku hizi wenye mitutu kama bomba la maji ni waoga tu."

Mwenzake akacheka. "Basi nenda hifadhi ya Pian Upe na hicho kijiti chako, mbogo akakuulize jina la baba yako."

Wote wawili nawapa haki, ila kwa sababu ambazo hawakuzitaja.

Siri ya Bell haikuwa mtutu. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno, akaona ubongo umejificha wapi, akajua pa kulenga akiwa mbele yake, ubavuni, hata nyuma kwa mshazari. Kisha aliichagua risasi kwa makini kuliko bunduki. Risasi yenye ncha laini hufumuka ikigusa nyama. Kwa swala ni kifo cha haraka, kwa fuvu la tembo ni sawa na kurusha embe bivu ukutani. Yeye alitumia ile iliyovikwa ganda gumu, nyembamba na ndefu, isiyofumuka wala kupinda kirahisi, inayopenya mpaka ubongoni. Tena bunduki yake haikumpiga teke la kumtia hofu, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kufumba macho kabla ya kufyatua.

Anayeshika bunduki wiki mbili kwa mwaka si Bell. Ndiyo maana katika nchi nyingi za Afrika, kwa sheria au kwa desturi, mnyama hatari hawindwi kwa bunduki iliyo chini ya kipimo cha inchi .375. Ile ya Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912, hurusha risasi ya gramu 19. Iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, .416 ya Rigby, hurusha ya gramu 26. Uzito huo unavunja mfupa wa bega la mbogo na bado unaendelea hadi moyoni, hata kama mkono ulitetemeka kidogo. Lakini mbogo aliyepigwa tumboni hajali umempiga kwa namba gani. Bunduki kubwa hufunika kosa dogo. Kosa kubwa halina kifuniko. Na mtu aliyenunua mtutu unaomtisha bega lake mwenyewe amenunua hilo kosa kubwa kwa fedha zake.

Sasa tuulize anayelipa ni nani. Mgeni akikosea, mwisho wa safari atapanda ndege Entebbe. Mbogo aliyejeruhiwa hapandi ndege. Atajificha kwenye nyasi ndefu, na atakayemkuta ni mfuata nyayo, au mchungaji ambaye hakualikwa kwenye uwindaji huo.

Na bunduki ndogo mno nayo ina mlipaji wake. Twende Jinja. Huko hakuna mtalii anayelipia kuwinda, lakini kiboko yupo, tena mkaazi wa zamani. Kwenye uwanja wa gofu wa mji huo husimuliwa kanuni kwamba mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unautoa bila adhabu. Kwa mvuvi wa Masese hakuna kanuni ya kumsaidia. Kiboko akigeuka mkorofi huitwa askari wa wanyamapori, na mara nyingi alichobeba ni AK-47. Risasi yake ina gramu 8, na ilibuniwa kwa mwili wa binadamu. Kiboko dume ana uzito wa tani moja na nusu na zaidi. Askari atafyatua nyingi, mnyama atazama, na watu watabaki ufukweni wakikodolea maji macho. Akiwa amekufa, ataelea baada ya saa moja au zaidi. Akiwa amejeruhiwa tu, ataibukia kwingine, penye mtumbwi au ndoo ya mtu.

Uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku Uganda mwaka 1979, ukarudi kwa majaribio karibu na Ziwa Mburo mwaka 2001. Tangu hapo mazungumzo yetu ni ya ada za uwindaji na mgao wake. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 imeweka fidia kwa aliyedhuriwa, jambo jema, lakini fidia huja baada ya matanga. Ningependa sehemu ya ada hizo inunue .375 moja kwa kila kituo kilicho karibu na watu, risasi laini na ngumu, pamoja na askari anayefanya nayo mazoezi ya shabaha kila mwezi. Naye mgeni, kabla ya kuingia porini, asimame hatua hamsini na kupiga sahani mara tatu kwa bunduki ileile aliyokuja nayo. Akikosa hata moja, abebe kamera.

Niliposema hivyo, mzee wa Bell aliomba apewe bunduki ajaribu yeye kwanza. Mwenzake akamsogezea sahani ya mandazi. "Anza na hii," akasema. "Kwa miwani yako, tukuwekee hatua mbili."