Shahidi Mkweli na Ubongo Usiotulia

Husemwa mara nyingi barazani, na hata mbele ya mahakimu, kwamba mtu aliyeona kwa macho yake mawili, akala yamini, wala hana uadui na mshtakiwa, hana la kumkosesha. Nami, pamoja na heshima yote impasayo mtu mkweli, naona kwamba kauli hiyo yamtwika shahidi mzigo ambao macho ya binadamu hayakuumbwa kuuchukua.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo mnamo 1040, alikwisha kubainisha katika Kitab al-Manazir kwamba nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni, na kwamba mengi tudhaniayo tumeyaona hukamilishwa na hukumu ya akili. Asichokuwa na ala ya kukipima ni kwamba akili hiyo haikai ikingojea nuru ifike. Ubongo, ambao uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili huo, hata mtu akiwa amejilaza kimya. Na Mjerumani Hans Berger, katika maandiko yake yaliyoanza kutolewa 1929 juu ya umeme wa ubongo wa binadamu, alionyesha mapigo yapatayo 10 kwa sekunde, yazidiyo nguvu pale macho yafumbwapo. Kwa miaka mingi wataalamu waliihesabu harakati hiyo ya ndani kuwa ni fujo isiyo na maana, hadi Amos Arieli na wenzake, mwaka 1996, walipodhihirisha kwa kuchunguza ubongo wa paka kwamba picha ile ile hupata majibu mbalimbali kwa sababu ya hali ambayo ubongo ulikuwa nayo kabla ya kuipokea.

Liko jaribio moja ambalo natamani kila mpelelezi alifahamu. Mwaka 2008 Guido Hesselmann na wenzake waliwaonyesha watu, kwa kitambo kifupi mno, ile picha mashuhuri ya Mdenmark Edgar Rubin, ambayo mtu aweza kuona ndani yake ama chombo cha maua ama nyuso mbili zitazamanazo. Picha haikubadilika hata chembe. Lakini pale sehemu ya ubongo ishughulikayo na nyuso ilipokuwa imechangamka zaidi kabla picha haijatokea, aghalabu mtazamaji alisema ameona nyuso. Jibu lilikuwa limekwisha kuelemea upande mmoja ilhali swali halijaulizwa, na mwenyewe hakuwa na habari.

Tena mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Salk, Marekani, walieleza jinsi mawimbi ya umeme yajiendeayo yenyewe katika ubongo wa vijikima waitwao marmoseti yanavyosaidia kuamua kama alama hafifu itaonekana au itapita bure: kama jahazi mlangoni mwa bandari, ambalo maji yakijaa huingia na yakipwa hukwama, bila nahodha kuwa na kosa.

Simaanishi kwamba kuona kote ni dhana. Mchana mweupe, kitu kikiwa karibu, hapana wimbi la ubongoni litakalomgeuza ng'ombe kuwa mbuzi. Athari hii hutawala pale nuru ni haba na jambo limepita upesi, na hizo ndizo saa za wizi na mauaji. Kwa hiyo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilinena kwa insafu mwaka 1980 ilipousema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho kuwa ni dhaifu mno, ikataka ichunguzwe kulikuwa na mwanga gani, umbali gani, muda gani, na kama shahidi alimjua mtu huyo tangu zamani. Wako waionao hadhari hiyo kuwa ni upenyo wa wahalifu. Mimi naiona ni pungufu, kwa kuwa aghalabu huja mahakamani, miezi kadha baadaye, wakati shahidi amekwisha kupata yakini. Maswali hayo yaulizwe kituoni usiku ule ule, yaandikwe kabla shahidi hajaonyeshwa mtu yeyote, na asemaye kwamba hakuona sawasawa apokewe kauli yake bila kutishwa wala kuitwa mwoga.