Nani Huwaua Wale 1,498?

Mimi ni karani tu katika ofisi ya kilimo hapa Nchiru, wala si Bwana Shamba. Lakini nilisomea ualimu, na hesabu hainitoki kichwani. Leo tupige hesabu ya kiwavijeshi vamizi, yule mwenye asili ya Amerika aliyeonekana Kenya mwaka wa 2017.

Nondo jike mmoja huweza kutaga mayai 1,500. Tuseme nusu yawe majike, yaani 750, na kila mmoja naye atage 1,500. Wajukuu watakuwa 1,125,000, na penye joto jambo hilo huchukua kama miezi miwili tu. Ingekuwa hivyo kweli, lisingebaki jani la mahindi kutoka hapa mpaka Embu. Kumbe sivyo. Ili nondo wasizidi wala wasipungue, katika mayai 1,500 watakiwao kufika ukubwani ni wawili tu, dume na jike. Wale 1,498 sharti wafe. Basi nani huwaua?

Wengi hufa hata pasipo dawa. Mvua kubwa huwasomba wachanga au kuwazamisha katikati ya majani. Ndege, buibui na sisimizi huwala. Tena viwavi wenyewe hulana; ndiyo sababu ukifunua shina la mahindi utakuta kiwavi mkubwa mmoja au wawili, ingawa mayai yalitagwa kwa fungu. Wako pia nyigu wadogo mno, ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai ya nondo, au ndani ya kiwavi mwenyewe, na watoto wao humla.

Wenye kahawa wanayo habari ya namna hii. Katika miaka ya 1920 vidung'ata waliiharibu sana kahawa ya Kenya, hasa upande wa Thika. Wataalamu walimdhania kuwa mdudu mwingine, wakahangaika miaka mingi wakitafuta adui zake nchi za mbali. Mwaka wa 1935 Bwana Le Pelley alionyesha kuwa ni mdudu wa aina yake peke yake. Kumbe alikuwako Uganda, wala huko hakuwa tatizo, maana nyigu wake walikuwako pia. Nyigu hao waliletwa Kenya mwaka wa 1938, na vidung'ata wakapungua. Kazi moja ilibaki, kuwazuia sisimizi wasipande mti, kwa kuwa sisimizi huwalinda vidung'ata ili wanywe maji yao matamu.

Kwa hiyo sipendezwi na desturi ya kunyunyiza dawa kila Jumamosi, kana kwamba ni siku ya soko. Dawa humpata nyigu aliye juu ya jani, lakini kiwavi mkubwa amejificha ndani, amejiziba kwa mavi yake. Tuseme kwa kuwaua walinzi, sasa wanapona wanne badala ya wawili. Kila kizazi kitakuwa mara mbili ya kile kilichotangulia, na baada ya vizazi vinne ni mara 16. Na fedha ya karo imekwisha dukani.

Sisemi dawa isitumike kamwe. Nasema hesabu kwanza. Pita shambani mara mbili kwa juma, simama mahali 5, tazama mashina 10 kila mahali, uandike ni mangapi yana majani mapya yaliyoliwa. Wakiwa wachache, waponde kwa mkono. Wakiwa wengi na mahindi bado machanga, mwonyeshe Bwana Shamba hesabu yako akushauri. Dawa ipigwe asubuhi na mapema au jioni, viwavi wangali wadogo, nayo ielekezwe katikati ya majani.

Mzee mmoja aliniuliza: mimi nikihesabu, na jirani yangu hahesabu, itanifaa nini? Ni swali la haki, maana nondo hajui mpaka wa shamba. Kwa maoni yangu kamati ya kila skimu iweke siku moja ya kuhesabu mashamba yote, kabla ya palizi ya kwanza. Karatasi za kuandikia nitazitoa mimi.